Mikunjo ya Rijili Kantori

Ofisi ya chuo imeniaga kwa keki na saa ya ukutani. Keki nimekata, saa nimeitundika, picha nimepigwa kwa simu ambazo hazihitaji maji wala giza, na sasa nipo nyumbani Kawempe najifunza kukaa. Sijui kukaa. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki maabara, mnaoniita Hajati nikiwa mbele yenu na Mama Giza nikigeuka, kwa sababu mara nyingi mliniuliza zile chupa za kahawia kabatini zilikuwa za kazi gani, na mara zote nilikuwa na haraka. Habari za vyeo na mishahara mtazipata kwa mhasibu, ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Mimi nataka kuwasimulia habari za nyota moja, na namna nusura tuiue kwa unadhifu wetu wenyewe.

Kazi sikuianzia chuoni. Nilianzia studio ya picha mjini, msichana niliyetoka shule juzijuzi, wakati wanajeshi ndiyo kwanza wameshika nchi. Kwetu ni watu wa zamani hapa Kampala. Babu zangu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakabaki. Baba alikuwa na duka dogo na darasa la Kurani nyuma ya duka, na habari ya binti yake kufungiwa gizani akichezea sura za watu haikumpendeza hata kidogo. Mama ndiye aliyemlainisha. Alimwambia gizani hakuna atakayeniona, basi heshima ya nyumba imelindwa.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Lutaaya, fundi wa chumba cha giza, Mganda mfupi mwenye koti lililokuwa jeupe zamani. Alifunga mlango, akazima taa, akaniambia nimpe chupa ya dawa ya kukaza picha. Nikamwuliza nitaionaje. "Lehema," akasema, maana herufi ya kwanza ya jina langu hakuwahi kuielewa, "pua yako umeacha nyumbani?" Nikanusa chupa moja baada ya nyingine mpaka macho yakatoa machozi. Wiki nzima alinifundisha hivyo, kwa pua na vidole, na mpaka leo naweza kuingia jikoni umeme ukikatika nikapika pilau bila mshumaa. Ninyi umeme ukikatika mnatoka nje kupiga soga.

Kazi iliyompa Mzee Lutaaya jina haikuwa kusafisha picha bali kupiga penseli. Nieleze, maana ufundi huu umekufa. Picha za siku zile zilitokea kwanza kwenye filamu au kioo kwa rangi zilizogeuzwa, palipo peusi pakaonekana peupe. Mikunjo ya uso wa mtu ilitokea pale kama vistari vyeupe. Mzee Lutaaya alipaka juu yake tone la dawa ya kunata, akachukua penseli aliyoichonga hadi ncha ikawa sindano, na chini ya kioo cha kukuzia akavijaza vile vistari kimoja kimoja kwa nukta ndogondogo. Ukichapa picha kwenye karatasi, bibi wa miaka sabini anatoka na uso wa bi harusi. Watu walitoka Jinja kumfuata.

Halafu maafisa wa jeshi wakaanza kuja kupiga picha na magwanda yao mapya, na mchezo ukageuka. Studio ya jirani ilimtolea afisa mmoja picha iliyoonyesha kovu lake la shavuni. Kovu lilikuwa lake, picha ilikuwa sahihi. Mpiga picha alitiwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, na aliporudi hakuwa na meno ya mbele, wala hakusema alikuwa wapi, wala hatukumwuliza. Tangu siku hiyo Mzee Lutaaya hakuruhusu kitu chochote kitoke chumbani mwetu kikiwa na mstari. Si uso tu. Alinyoosha mapazia, alinyoosha kuta, mara moja alinyoosha tumbo la pundamilia kwenye kalenda tuliyotengenezea hoteli. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Mhindi mwenye studio alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, studio alipewa kapteni mmoja, naye aliiendesha mpaka dawa zikaisha, yaani si kitambo kirefu. Mimi na Mzee Lutaaya tukapata kazi hapa chuoni, idara ya fizikia, tukitengeneza picha za vitambulisho na slaidi za wahadhiri. Sabuni ilikuwa haipatikani, sukari haipatikani, karatasi ya picha ilipatikana kwa magendo. Wahadhiri nao walianza kuadimika. Mtu alikuaga Ijumaa kwamba anakwenda mkutano Nairobi, na Jumatatu unajua mwenyewe kwamba mkutano huo hautaisha.

Ndipo akaja Akello. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa polisi kutoka kaskazini, aliyelelewa kambini, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uinamishe kichwa kuisikia. Alisimama mlangoni pa chumba cha giza akiwa amekumbatia boksi.

"Dada Rehema, wamesema wewe naweza kusafisha picha ya kioo."

"Kioo cha namna gani?"

"Ya nyota."

Nikamvuta ndani kabla hajabadili mawazo.

Hali yake aliieleza bila kulia, na mimi nawapa kwa ufupi. Baba yake alikuwa amehamishiwa kituo kingine, na kwenye hicho kituo kingine hakuna aliyewahi kumwona. Mama na wadogo zake walikuwa wamekwisha kuvuka kuingia Kenya na walikuwa wakimngoja. Yeye alibaki kwa jambo moja tu: shahada yake. Alikuwa amebakiza kazi ya utafiti, mhadhiri aliyekuwa akimsimamia alikuwa ameshakwenda kwenye ule mkutano usioisha, na mtahini kutoka Nairobi alikuwa anakuja kwa mara ambayo kila mtu alidhani ni ya mwisho. Akiwa na kazi mkononi siku hiyo, atavuka mpaka akiwa msomi. Asipokuwa nayo, miaka yote ile imekwenda na maji.

Kazi yenyewe ilikuwa juu ya nyota ambayo kwetu tunaiita Rijili Kantori. Baba alinionyesha nikiwa mdogo, inang'aa upande wa kusini baada ya Magharibi, miezi ya katikati ya mwaka mvua zikipungua. Mimi nilidhani nyota ni nyota. Akello akaniambia hapana, ile ni jua. Si kwa kufananisha. Ni jua kabisa, la namna ileile kama hili linalotuunguza, ila liko mbali kiasi kwamba mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka minne kutufikia, na mwanga wenyewe hauna mchezo njiani. Akataka kuonyesha, kwa kazi ya mikono yake, hapa Kampala, kwamba jua lile na letu ni ndugu.

"Utajuaje?" nikamwuliza. "Utakwenda kulipima homa?"

"Ndiyo," akasema. "Hasa hiyo."

Kesho yake akanionyesha. Alikuwa amekaza nyembe mbili za kunyolea zikabakisha ufa mwembamba, mwanga wa jua ukapita katika ufa, ukapita katika mche wa kioo, kile kipande cha pembetatu kinachotawanya rangi za mwanga, ukaangukia kwenye kioo cha picha. Nilikisafisha mwenyewe. Ukatokea mkanda mweusi, na katikati yake vistari vyeupe vimekatiza, vingine vyembamba, viwili vinene vimekaa pamoja karibu na ukingo. Nikamwuliza kama nimekichubua.

"Hizo ni vitu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Hizi mbili nene ni kalsiamu, kama ya chokaa. Hii haidrojeni. Hizi ndogo zote, hapa, hapa, hapa, ni chuma."

Chuma, ndani ya jua. Nilikaa kwenye kiti. Sijui niwaelezeje ninyi mnaoona mambo haya kwenye kompyuta mkila mandazi. Mwili wote ulinisisimka. Nilikuwa nimepika kwenye sufuria, nimekanyaga misumari, nimepanda magari, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu hichohicho kinaelea pale juu kikiwa mvuke, na kwamba mtu anaweza kukiona kwa nyembe mbili za dukani. Nilimwambia anieleze tena tangu mwanzo. Akanieleza. Jua likizidi joto, mistari ya chuma hufifia na ya haidrojeni hukolea. Joto likipungua, chuma hushamiri. Kwa hiyo ukiitazama mistari vizuri unalijua joto la uso wake, na la kwetu ni kama nyuzi elfu tano na mia nane. Ukilijua joto, na ukajua mwanga unaotufikia na umbali uliotoka, unapata ukubwa. Na Rijili Kantori ina mwenzake mdogo anayezungukana nayo, mwekundumwekundu. Kutokana na mzunguko huo wataalamu waliopita walikwisha kupata uzito. Akello hesabu zote alikuwa amefanya. Jua lile ni zito kuliko letu kwa kama sehemu moja ya kumi, limelizidi upana kidogo, linang'aa mara moja na nusu hivi. Kilichokosekana ni ushahidi wake mwenyewe wa joto, yaani mistari. Na vioo vya picha vilivyobaki kwenye boksi vilikuwa viwili.

Juu ya paa la idara palikuwa na darubini iliyoachwa na mhadhiri wa zamani. Mashine yake ya kuizungusha ifuate nyota ilikuwa imekufa, na spea zilikuwa nchi za watu. Tukafunga zile nyembe na mche wa kioo mkiani pake, tukaizungusha kwa mkono. Akello aliweka jicho, mimi nikashika skrubu, tukaanza mara giza lilipoingia ili tumalize mapema, kwani siku zile mtu mwenye akili hakutaka kukutwa barabarani baada ya watu kupungua. Chini yetu mji ulikuwa na taa chache. Rijili Kantori ilikaa pale kusini, chini chini, ya manjano, imetulia, na ndani ya darubini zikawa mbili, kubwa na ndogo. Ilibidi yule mdogo abaki nje ya ufa wa nyembe, la sivyo mistari yake ingeingiliana na ya mwenzake.

"Kushoto," alikuwa akininong'oneza. "Kushoto kidogo. Shika hapo. Dada, umepumua, imeruka."

Jioni ya kwanza wingu lilitoka upande wa ziwa likakaa juu yetu kama limelipwa. Kioo kikaharibika. Jioni ya pili wingu lilizunguka upande wa Bugolobi likatuacha. Sikupumua. Vidole viliniganda kwenye skrubu, na Akello alipofunika darubini na kusema basi, nilishuka ngazi nikikimbia na kile kioo kifuani. Nikakisafisha yeye akiwa nyuma ya bega langu. Ukaja mkanda, mwembamba kuliko wa jua letu lakini safi, na ndani yake, Mungu wangu, mistari. Miwili minene ukingoni. Myembamba imejipanga. Akello alinishika mkono akauminya mpaka pete ikaniumiza, na mimi nikacheka peke yangu gizani. Tukakisimamisha kioo kwenye kichanja kikauke, tukafunga mlango, kila mtu akaenda zake upesi. Mtihani ulikuwa keshokutwa.

Asubuhi nilipofika, Mzee Lutaaya alikuwa ameketi mezani kwake, taa ya chini ya kioo inawaka, penseli mkononi, anang'aa kwa furaha.

"Lehema, jana umeharaka," akasema. "Umekwaruza kioo ya mutoto mubaya mubaya. Lakini kale, haya basi, nimekuokoa. Tazama."

Nikatazama. Mkanda ulikuwa laini tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kalsiamu, hakuna haidrojeni, hakuna chuma. Mzee wa watu alikuwa amefika alfajiri, akaona kioo chenye mikwaruzo, akajua mimi mwanafunzi wake nitaaibika, na kwa mapenzi yake yote, kwa ule mkono ambao watu waliufuata kutoka Jinja, akainyoosha nyota mikunjo yote.

Nilisema maneno mengi, na sitayaandika hapa kwa kuwa baadhi yenu mnawasomea watoto. Katikati ya maneno hayo Akello akaingia. Alikiangalia kioo, akamwangalia mzee, akajiegemeza ukutani akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni na kitabu chake mapajani.

"Mzee," akasema, "hiyo mistari ndiyo ilikuwa nyota."

Mzee Lutaaya hakuelewa mara moja. Nilipomweleza, penseli ikaanza kutikisika mkononi mwake, akaiweka chini, bado mkono ukaendelea kutikisika.

"Mimi nikiona musitari," akasema, "nasikia gari nasimama nje." Akakitazama tena kile kioo. "Hata sikuuliza hii ni sura ya nani."

Hasira zikanitoka zote kwa pamoja. Nililijua lile gari. Sote tulikuwa tukilisikia, kila mtu kwa namna yake. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamwuliza swali moja ambalo jibu lake lingetuua au kutuponya. Wapiga penseli walikuwa na kifaa cha pili, kisu chembamba cha kukwangua palipozidi weusi, na kilichokwanguliwa hakirudi.

"Mzee, umetumia kisu?"

Akanyoosha kidole mezani. Kisu kilikuwa pale, kimenolewa, kimefutwa. "Nilikuwa nakunywa chai kwanza," akasema.

Nikawaambia wote wawili wasiguse kitu. Penseli hukaa juu ya ile dawa ya kunata, haiingii kwenye picha yenyewe, na dawa hiyo hutolewa kwa tapentaini. Mzee Lutaaya alikuwa akiinuka kabla sijamaliza, maana jambo hilo alinifundisha yeye. Akafungua kabati, akatoa chupa, akaipindua. Tone halikudondoka. Tapentaini ilikuwa imefuata njia ya sabuni na sukari.

Akello akapendekeza petroli. Mzee akasema petroli ya siku hizi imechanganywa na Mungu ndiye anajua nini, itakula picha. Nikavaa viatu nikaenda Kamwokya.

Pale palikuwa na fundi wa mabango aitwaye Wasswa, na nilimkuta juu ya ngazi anachora kwenye ukuta wa duka la serikali sura ya Mkubwa mwenyewe, yule ambaye picha yake ilipaswa kuwa kila mahali. Nusu ya uso ilikuwa imekamilika. Miguuni pa ngazi palikuwa na mkebe, na harufu yake niliijua kutoka upande wa pili wa barabara, ndiyo faida ya kulelewa na Mzee Lutaaya.

"Ssebo," nikamwita kwa heshima ya Kiganda, "nigawie tapentaini."

"Nnyabo, hii?" Alicheka mpaka ngazi ikayumba. "Hii ni ya shavu. Nikikupa, langi itakuwa nzito, shavu ya mukubwa itakauka na mikunjo. Unataka wanikunje mimi?"

Nikamweleza. Sikuwa na la kumhonga, basi nikamweleza yote palepale barabarani, tena kwa haraka: jua la pili, chuma ndani yake, binti anayengoja kuvuka, mzee aliyeifuta nyota kwa penseli. Wasswa alisikiliza brashi ikimdondokea rangi kwenye kiatu. Kisha akatazama juu, ingawa ilikuwa mchana na hapakuwa na nyota ya kuona.

"Iko na chuma kweli?"

"Nimeiona kwa macho yangu."

Akashuka. Akamimina nusu ya mkebe kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa karatasi. "Mukubwa nitamushusha kofia," akasema. "Ifunike shavu kidogo."

Nilirudi chuoni nusu nikitembea nusu nikikimbia, na chupa nimeificha chini ya mtandio, na kama kuna aliyenusa hakuniuliza.

Nilitaka kuifanya kazi ile mwenyewe. Mzee Lutaaya akakataa. Alisema mkono uliofunga ndio utafungua, akaomba pamba, akanawa, akafumba macho kidogo. Alipofumbua, mkono ulikuwa umetulia. Akello akashika taa. Mzee akachovya pamba, akaikamua, akaipitisha kwenye ukingo wa kioo taratibu, mara moja tu, kwa upande mmoja, akaitupa, akachukua nyingine. Pamba ya kwanza ilitoka ya kijivu. Ya pili ikatoka nyeusi.

Kwenye pamba ya tatu, kalsiamu ikarudi.

Mistari miwili, minene, myeupe, kama hakuna aliyewahi kuigusa. Akello akaanza kuita majina kwa ile sauti yake ndogo, na kila pamba ilipopita sauti ikazidi. Kalsiamu. Haidrojeni. Chuma. Chuma. Haidrojeni nyingine. Chuma. Mzee Lutaaya naye akaanza kuitikia, "Chuma, kale, chuma," machozi yanamteremka mpaka kwenye ndevu na mkono hautikisiki hata chembe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikirukaruka kimyakimya, mwanamke mzima. Nimefanya kazi maisha yangu yote, nimeona mashine za thamani zikifunguliwa kwenye maboksi, nimekata utepe na mawaziri. Sijawahi kufurahi kazini kama asubuhi ile.

Jioni hiyo tukachapa picha mbili za karatasi, moja ya jua letu na moja ya Rijili Kantori, zikakatwa kipimo kimoja, upana wa mkanda ukawa sawa, kila moja jina lake likaandikwa nyuma tu. Mzee Lutaaya alizichapa. Penseli zake alinipa mimi nizishike nje ya mlango mpaka amalize.

Mtahini alikuwa profesa wa makamo, mtu wa Nairobi, mwenye miwani mizito na uso wa mtu aliyesimamishwa vizuizi vingi njiani. Nilikuwa chumbani kwa sababu ya kuendesha taa ya slaidi. Walizungumza Kiingereza na mimi nawapa kwa Kiswahili. Alimwuliza Akello kuhusu joto, akajibu. Uzito, akajibu. Umri, akasema yawezekana limelizidi letu kidogo lakini hilo hakulipima yeye, hivyo hawezi kuliapia. Profesa hakuonyesha dalili ya kupendezwa wala kuchukizwa. Kisha akaziokota zile picha mbili mezani. Akageuka ukutani, akazichanganya kama karata, akazilaza mbele ya Akello zikitazama juu.

"Lipi ni Jua letu?"

Akello akainama. Alitazama moja, akatazama nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza. Kidole chake kilifuata mistari bila kugusa karatasi. Mimi nilikuwa na mikono kwenye taa ya slaidi, nikamwomba Mungu amwonyeshe, maana mama yake alikuwa anangoja ng'ambo, mkoba wake wa safari ulikuwa miguuni pake, na basi lilikuwa linaondoka mchana.

"Sijui, Profesa," akasema.

Profesa akasubiri.

"Nimeziangalia vizuri na sijui," Akello akasema tena, na safari hii hakuna aliyehitaji kuinamisha kichwa kumsikia. "Kama ningeweza kukuambia, basi kazi yangu yote ingekuwa ya uongo."

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akazivuta zile picha upande wake, akazikagua kwa muda mrefu, uso karibu na karatasi, midomo inamchezacheza. Mwisho akaweka kidole juu ya moja.

"Mimi nasema hili," akasema, "maana hili nimelisoma tangu ujana wangu." Akaigeuza.

Nyuma ilikuwa imeandikwa Rijili Kantori.

Alicheka kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, mtu ambaye nadhani alikuwa hajacheka tangu avuke mpaka. Kanuni zilimkataza kusema lolote kabla ya kikao cha matokeo, naye hakusema lolote. Alisimama tu, akazunguka meza, akampa Akello mkono kwa mikono yake miwili, akautazama ule mkoba, akaniuliza mimi basi la mpakani linaondoka saa ngapi, kisha akamfungulia mlango.